Wingu la Kumuaga Bi Mawingu

Mchana wa siku moja kabla ya kuagwa, Bi Mawingu aliletewa miaka yake thelathini na minne ya ualimu ikiwa kwenye karatasi moja, akaikagua kama daftari la mwanafunzi mvivu. Alivaa miwani, akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena. Maneno yalijaa karatasi nzima, makubwa kwa madogo, ya bluu na ya kijani. MWALIMU lilikaa katikati, limenenepa. Pembeni yake kulikuwa na HADITHI, KUSOMA, KUCHEKA, MANENO, na kule chini kabisa, dogo la kutafutwa kwa tochi, GUNDI.

“Shangazi, unaonaje?”

Aliyeuliza ni binti wa kaka yake, mwalimu kijana ambaye muhula ujao angelirithi darasa lake. Mbele ya wanafunzi alimwita Mwalimu kama watu wote. Wakibaki wawili kwenye chumba cha walimu, ushangazi unarudi. Ndiye aliyewaandikia wanafunzi wa zamani kwenye makundi yao ya simu, akawaomba kila mmoja aandike ukurasa mmoja kuhusu Bi Mawingu. Zikaja kurasa sitini na tatu. Akazimwaga zote kwenye kompyuta, kompyuta ikahesabu, neno lililotajwa mara nyingi likawa kubwa, lililotajwa mara chache likawa dogo. Wingu la maneno, tayari, hata chai haijapoa.

“Zuri,” alisema Bi Mawingu. “Fimbo iko wapi?”

“Fimbo gani tena, Shangazi?”

“Neno fimbo. Miaka minane ya kwanza nilichapa watoto mpaka bega likaniuma mimi mwenyewe. Leo watu sitini na tatu wananiandika, nusu yao wa enzi zile, halafu hakuna hata mmoja aliyeikumbuka? Mwanangu, mdanganye mwingine.”

Binti akashusha macho. Jamani, yule mtoto uongo haujui. Tangu mdogo akikosa, pua inamtoka jasho kabla hajaulizwa. Akaeleza, sauti ikipungua kadiri alivyoendelea. Kompyuta ina mahali pa kuandika maneno ya kuachwa, yale madogo madogo kama “na” na “ya” na “kwa”, ambayo yakihesabiwa yatameza mengine yote. Kwenye orodha ile, baada ya “kwa”, aliongeza “fimbo”. Lilikuwa limetoka kubwa mno. Wageni wangekuja, mwalimu mkuu angekuwepo, picha zingepigwa.

“Nilitaka kukustiri, Shangazi.”

“Umenistiri na nini? Mimi niko uchi?”

Alisema kwa mzaha, ila hakucheka. Ukweli ni kwamba kwenye wingu lile Bi Mawingu alikuwa akimtafuta mtu mmoja, na kama fimbo imefutwa, basi na huyo mtu huenda amefutwa pamoja nayo. Kulikuwa na neno alilopaswa kumwambia mwanafunzi wake mmoja, na alikuwa amelikalia kwa miaka ishirini na sita. Kesho anaagwa. Baada ya hapo hakuna darasa, hakuna kengele, hakuna pa kulisemea.

Jina hilo la Mawingu hakuzaliwa nalo, na hakulipata kwa kompyuta. Siku hizo kompyuta alikuwa akiisikia tu redioni, na redio yenyewe ilikuwa ya mume wake, fundi redio, ambaye aliifungua kila Jumapili kuitafutia ugonjwa isiokuwa nao. Alipoanza kazi alipewa watoto hamsini na wanane na vitabu sita. Akawafundisha ufupisho, wakamshinda. Ukiwaambia wafupishe habari, wananakili sentensi ya kwanza na ya mwisho, katikati wanaruka, wanakuja kukutazama usoni kama wamemaliza kazi ya maana.

Siku moja, kwa hasira tu, akasema wafunge madaftari. Akaanza kuwasomea hadithi kwa sauti, na kila neno zito lilipopita alimwita mtoto aliandike ubaoni. Neno likirudi, lifutwe liandikwe tena kubwa zaidi. Likirudi tena, kubwa zaidi. Walipofika mwisho wa hadithi ubao ulikuwa umejaa maneno ya kila kimo, mengine yamebanwa pembeni, moja limetanda katikati, vumbi la chaki limewajaa watoto mpaka kwenye nyusi. Akawauliza: hadithi hii inahusu nini? Mikono yote juu! Hamsini na wanane, hata wale wa kulala. Mmoja akasema, “Mwalimu, kama wingu.” Basi, jina likamkaa.

Kutoka hapo akahamia kwenye karatasi za manila, maana ubao unafutwa. Watoto walihesabu, wakachora herufi kwa rula, wakakata kwa mkasi mmoja uliozunguka darasa zima. Gundi ilikuwa ya unga, na aliyeipika ni mume wake, jioni, kwenye sufuria ya zamani, akilalamika.

“Mke wangu, watu unga wanakula. Wewe unaulisha ukuta.”

“Koroga, baba. Ikishika mabonge utaila wewe.”

Walifanyia mawingu kila kitu kilichoandikwa. Magazeti yaliyofungiwa sabuni dukani. Barua za kaka waliosafiri. Mara moja walifanya hotuba ya mwalimu mkuu wa wakati huo, ya Jumatatu asubuhi. Watoto waliisikiliza wakihesabu kwa vidole nyuma ya migongo yao. Neno lililotoka kubwa kuliko yote ni MIMI. Lilibandikwa ukutani, na mwalimu mkuu akapita, akasimama mlangoni, akalitazama muda mrefu. Alisema mawingu yaachiwe somo la jiografia na lile neno libanduliwe mara moja. Bi Mawingu, mdogo wa umri na mwembamba wa mwili wakati huo, akamjibu kwamba neno haliondolewi eti limemuudhi mtu. Ukiona ni kubwa, uliza limekujaje. Weee! Mwezi mzima alipewa zamu ya kusimamia usafi wa vyoo, na MIMI likabaki ukutani.

Ndiyo maana ya wingu, aliwaambia watoto. Kwanza unahesabu. Kisha unagombana nalo: kwa nini hili limekuwa kubwa? Lile nililolitegemea liko wapi? Ukishagombana ndipo unaandika sentensi zako tano, na hizo zitakuwa zako, si za kunakili. Mpaka leo akisikia harufu ya unga unaochemka huikumbuka ile mikono midogo iliyojaa gundi, na mume wake aliyefariki miaka tisa sasa, na moyo unamuuma kwa utamu.

Lakini utamu huo ulikuwa na mwiba, na mwiba wenyewe aliuchoma mwenyewe.

Mwaka wake wa nane walisoma habari ndefu ya familia iliyohama kufuata kisima. Kurasa kumi na moja. Akazigawa kwa safu, kila safu ihesabu kurasa zake, kesho yake wajumlishe. Ikatoka MAJI, mara thelathini na nane. MAMA ishirini na moja tu. Nani angeshangaa? Habari ya kisima, neno maji. Wakaanza kukata manila.

Ndipo msichana mmoja akasimama. Alikaa dirishani, hakuwa na maneno mengi, alilelewa na bibi yake kwa kuwa mama yake alikuwa amefariki mwezi wa pili mwaka ule. Akasema yeye amezihesabu kurasa zote peke yake, nyumbani, mara mbili. Maji thelathini na sita. Mama arobaini na nne.

Darasa likacheka. Bi Mawingu alikuwa na joto siku ile, na madaftari mia ya kusahihisha, na fimbo iko mezani karibu na chaki kama ilivyokuwa siku zote. Lakini hizo ni sababu tu, na sababu hazikosekani. Alichoamini ni kwamba mtoto hakuhesabu. Amemkosa mama yake, basi anamwona kila mahali.

“Nimesema uhesabu,” alimwambia mbele ya wenzake. “Sikusema uomboleze.”

Akamchapa viboko vinne viganjani, viwili kila mkono, kwa kosa la kudanganya. Msichana hakulia. Alirudi dirishani, akakaa, akaweka mikono juu ya dawati ikiangalia juu, na hakuugusa mkasi ulipomfikia.

Jioni, gundi ikiwa jikoni, Bi Mawingu alizichukua zile kurasa kumi na moja. Hakujua kwa nini. Akahesabu kwa vijistari, vitano vitano. Maji thelathini na sita. Mama arobaini na nne. Akarudia. Arobaini na nne. Safu ya nyuma walikuwa wamebuni tarakimu zao, wale wakorofi, na kurasa zao ndizo zilizojaa mama mtupu: mama anachota, mama anabeba, mama anasubiri zamu. Alikaa na penseli mkononi.

“Kesho umwambie,” alisema mume wake kutoka jikoni.

“Nitamwambia.”

Kesho yake akaja mkaguzi. Keshokutwa ilikuwa michezo. Wiki iliyofuata alifika mpaka kwenye dawati la dirishani, akafungua mdomo, akaona macho ya darasa zima, akasema, “Kaa vizuri.” Ngoja ngoja huumiza matumbo, na lake liliuma. Likizo ikaingia, na shule ilipofunguliwa dawati lilikuwa wazi. Bibi amehama na mjukuu wake. Mwezi ule ule Bi Mawingu alivunja fimbo, akaitia jikoni, na hakushika nyingine tena. Walimu wenzake walimwuliza kulikoni. Akawaambia bega linamsumbua.

Sasa, mchana ule kwenye chumba cha walimu, alinyoosha mkono.

“Nipe kurasa.”

“Zote, Shangazi? Si kompyuta imesha...”

“Kompyuta imehesabu ulichoiambia ihesabu. Nipe kurasa.”

Akakaa nazo kwenye meza ya dirishani. Kengele ililia, walimu wakaingia wakatoka, mtu akamletea chai ikapoa. Alisoma akiweka vijistari kwenye karatasi. Fimbo ilitajwa mara arobaini na moja. Ni neno MWALIMU peke yake lililoizidi. Wengine waliitaja kwa kicheko, jinsi walivyovaa kaptula tatu tatu siku ya mtihani. Fundi bomba mmoja aliitaja mara tisa kwenye ukurasa mmoja, na hakukuwa na kicheko hata kimoja. Bi Mawingu akavua miwani, akaifuta, akavaa, akaendelea.

Ukurasa wa hamsini na saba haukuwa ukurasa. Ulikuwa mstari mmoja katikati ya karatasi nyeupe, na chini yake maelezo aliyoomba binti: kazi, fundi wa kushona mapazia, mwaka aliosoma. Mwaka ulikuwa ule ule. Mstari ulisema: *Nilihesabu sawasawa.*

Kwenye wingu la watu sitini na tatu, maneno mawili kama hayo hayaonekani hata kwa miwani mbili. Bi Mawingu aliyasoma mpaka yakaanza kucheza.

“Huyu kesho anakuja?” aliuliza.

Binti akatazama kwenye simu. “Amesema atakuja. Huyo nilidhani ametania, Shangazi. Nikashangaa, amehesabu nini?”

Bi Mawingu akamsimulia yote, tangu kisima mpaka bega. Binti alisikiliza hadi mwisho, pua inamtoka jasho, safari hii kwa huzuni. Kisha akavuta kompyuta, akafungua ile orodha, akafuta “fimbo” aliyoiongeza baada ya “kwa”. Wingu likajipanga upya mbele yao. HADITHI ikasukumwa pembeni, KUCHEKA likapungua, na FIMBO ikatua chini ya MWALIMU, nene, nyeusi.

“Ndivyo lilivyo,” alisema Bi Mawingu. “Lichapishe hilo.”

Siku ya pili ukumbi ulijaa. Viti vya plastiki, vipaza sauti vya kukoroma, watu wazima wenye vitambi wakiitana kwa majina ya utani ya utotoni. Bango lilining’inizwa mbele, na kila aliyeingia alilitazama, akatabasamu, halafu tabasamu likasita. Mwalimu mkuu wa sasa, kijana mpole, alimwinamia binti akamnong’oneza akimwuliza kama hapakuwa na toleo jingine. Akajibiwa lilikuwepo, Mwalimu amelikataa.

Wakasema waliotakiwa kusema. Walimsifu mpaka akawa mtu mwingine kabisa, mtu ambaye hata yeye angependa kukutana naye. Zamu yake ilipofika alisimama bila karatasi. Alikuwa ameshamwona: kiti cha nyuma karibu na mlango, mwanamke wa miaka kama arobaini, nyuzi za rangi ya kahawia zimemganda kwenye sketi, maana alitoka kazini moja kwa moja. Uso umekomaa, macho ni yale yale.

“Mmelisoma wingu,” alisema Bi Mawingu. “Niliwafundisha mkiona neno kubwa muulize limekujaje. Hilo la fimbo nimelileta mimi. Aliyecheka nalo namshukuru. Asiyecheka ana haki yake, na namwomba radhi.” Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. “Lakini kuna mmoja nilimchapa bila kosa lolote. Alihesabu habari ya kisima akasema mama arobaini na nne, mimi nikamwambia anadanganya, nikamwambia na maneno mengine ambayo nikiyakumbuka nachomeka. Mbele ya wenzake. Basi nami nasema mbele ya wenzake. Alihesabu sawasawa. Sisi wote ndio tuliokosea.”

Safu ya katikati mtu alishusha kichwa. Huenda alikuwa mmoja wa wale wa safu ya nyuma. Mwanamke wa mlangoni akasimama polepole, ameshika mgongo wa kiti kilicho mbele yake.

“Mwalimu,” alisema, “ulijua lini?”

Bi Mawingu hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Alikuwa amejiandaa kwa machozi, kwa kukumbatiana, hata kwa matusi. Jibu la “jana” lilikuja lenyewe mpaka kwenye ulimi, na lingepita vizuri kabisa: amepata kurasa jana, amekumbuka, amehesabu upya, masikini mama wa watu. Ukumbi mzima ungepiga makofi.

“Jioni ile ile,” alisema. “Viganja vyako bado vinauma, mimi nilikuwa nimeshajua.”

Mwanamke aliachia mgongo wa kiti.

“Mimi nilikusamehe zamani,” alisema. “Nilikusamehe kwa sababu nilidhani hujui. Wanangu nawaambia, alikuwa mwalimu mzuri, siku moja tu alikosea bila kujua.” Akalitazama bango. “Sasa umenirudisha mwanzo, Mwalimu. Itabidi nianze upya.”

“Anza, mwanangu,” alisema Bi Mawingu, na machozi yalimtoka bila kuyazuia. “Na ukishindwa, sikulaumu.”

Fundi mapazia alitikisa kichwa, si kukubali wala kukataa. Akachukua mkoba wake, na watu wakadhani anaondoka; waliokuwa mlangoni hata wakampisha. Lakini alipita katikati ya viti, akaja mpaka mbele, akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi karibu na cha mwalimu wake. Hakumshika mkono. Alikaa hapo, mkoba mapajani, mpaka sherehe ikaisha.